Mgombea binafsi: Haki ya raia inapokwama mlangoni mwa chama

UCHAMBUZI

KATIKA historia ya siasa za vyama vingi hapa nchini, hakuna swali la kikatiba lililozunguka katika ngazi nyingi za mahakama na kurudi pale lilipoanzia kama swali la mgombea binafsi. Limepita Dodoma, likapita Dar es Salaam, likafika Mahakama ya Rufani, likavuka hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha. Limejibiwa mara nne na majaji. Hadi leo raia wa Tanzania asiye na kadi ya chama hawezi kugombea urais, ubunge wala udiwani.

Swali lenyewe ni jepesi kulieleza. Je, Mtanzania mwenye akili timamu, umri unaotakiwa na rekodi safi, anayekubalika kwa majirani zake, anaweza kuomba kura zao bila kwanza kuomba idhini ya chama cha siasa?

Katiba yetu inatoa majibu mawili kwa wakati mmoja. Ibara ya 20(4) inapiga marufuku kumlazimisha mtu yeyote kujiunga na chama au shirika lolote. Ibara ya 39 kwa upande wa urais, na ya 67 kwa upande wa ubunge, zinasema mgombea lazima awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Kwa maneno mengine, hulazimishwi kujiunga na chama, lakini usipojiunga usahau uongozi wa kuchaguliwa.

Mtu aliyelitambua hilo mapema na akakataa kulinyamazia alikuwa Mchungaji Christopher Mtikila.

Raia mmoja dhidi ya dola

Mfumo wa vyama vingi ulirejeshwa nchini mwaka 1992, baada ya Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali kuzunguka nchi nzima kukusanya maoni. Inakumbukwa kwamba wengi wa waliotoa maoni, takriban asilimia 80, walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee. Tume hiyo ilipendekeza vyama vingi virudishwe hata hivyo, na ikaorodhesha sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa kwa kuwa zilibana uhuru wa raia.

Mabadiliko ya nane ya Katiba yaliyofuata yalifungua mlango kwa vyama, si kwa raia mmoja mmoja. Sharti la zamani la kuwa mwanachama wa chama pekee kilichokuwapo liligeuzwa kuwa sharti la kuwa mwanachama wa chama chochote kilichosajiliwa. Wengi waliona ni hatua kubwa. Wachache waliona kwamba mfungwa amehamishwa chumba tu.

Mwaka 1993 Mtikila alifungua kesi katika Mahakama Kuu, Dodoma. Alilalamikia mambo kadhaa, likiwamo sharti la kuomba kibali cha kufanya mikutano ya hadhara. Oktoba 24, 1994, Jaji Kahwa Lugakingira alitoa hukumu ambayo wanasheria wanaisoma hadi leo vyuoni. Alisema raia ana haki ya kushiriki katika utawala wa nchi yake, na kwamba ni halali kwa mgombea asiye na chama kusimama katika uchaguzi.

Serikali ilikata rufaa, kisha ikaiondoa. Haikuwa na haja nayo tena, kwa kuwa ilikuwa imepata njia fupi zaidi. Desemba 1994 Bunge lilipitisha mabadiliko ya 11 ya Katiba, na Januari 1995 Rais akayatia saini. Ibara ya 21, ile inayompa kila raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi, ikaongezewa maneno ya kuifunga kwa masharti ya ibara za 39, 47 na 67. Haki ikabaki imeandikwa, lakini ikawekewa kufuli, na ufunguo wakakabidhiwa viongozi wa vyama.

Ifahamike kwamba Bunge lililofanya kazi hiyo lilikuwa la chama kimoja. Lilichaguliwa mwaka 1990, kabla ya vyama vingi kuruhusiwa. Wabunge waliopata viti vyao katika mfumo uliokuwa ukizikwa ndio waliopanga nani ataruhusiwa kuingia katika mfumo mpya.

Aliyekemea hatua hiyo kwa sauti kubwa hakuwa mpinzani. Alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, mtu aliyeongoza mfumo wa chama kimoja kwa miaka mingi. Katika kitabu chake kuhusu uongozi wetu na hatima ya Tanzania, Mwalimu aliiona hatua ya kupunguza haki ya raia kwa njia ya marekebisho ya Katiba kuwa ni ya hatari. Hoja yake ilikuwa ya mantiki tupu: kama haki moja ya msingi inaweza kuchujwa hivyo, ni nini kitakachozuia zote zilizobaki zisichujwe?

Mahakama ziligawanyika

Mtikila hakukata tamaa. Mwaka 2005 alirudi mahakamani, safari hii Dar es Salaam, akipinga moja kwa moja mabadiliko ya mwaka 1994. Mei 5, 2006, majaji watatu wa Mahakama Kuu, Amir Manento, Salum Massati na Thomas Mihayo, walikubaliana naye. Waliamua kwamba mgombea binafsi ni halali, na wakaitaka Serikali iandae utaratibu wa kisheria kabla ya uchaguzi mkuu uliokuwa ukifuata.

Serikali ikakata rufaa. Kesi ikasikilizwa na majaji saba wa Mahakama ya Rufani, wakiongozwa na Jaji Mkuu wa wakati huo, Augustino Ramadhani. Hukumu ikatoka Juni 17, 2010, ikiwa imebaki miezi minne na siku chache Watanzania wapige kura.

Mahakama hiyo haikusema kwamba mgombea binafsi ni jambo baya. Ilichosema ni kwamba mahakama haina mamlaka ya kuifuta ibara ya Katiba iliyopitishwa kwa utaratibu unaotakiwa. Katiba, kwa mtazamo huo, haiwezi kuvunja Katiba. Suala hilo ni la kisiasa na wa kulimaliza ni Bunge. Majaji waliongeza ushauri kwa Serikali na Bunge, wakikumbusha msimamo wa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa kwamba haki ya kugombea isibanwe isivyo sababu kwa kumtaka mgombea awe mwanachama wa chama.

Kisheria hukumu hiyo ina hoja inayoeleweka. Majaji hawachaguliwi na wananchi, na si jambo dogo kwao kufuta maneno yaliyowekwa katika Katiba na wawakilishi wa wananchi. Ugumu unaanza unapouliza wawakilishi hao wamepatikanaje. Kila mbunge wa jimbo aliye ndani ya ukumbi wa Dodoma ameingia kwa mlango wa chama, na atarudi kwa mlango huo huo kama chama kitamtaka. Kumwambia raia asiye na chama aende akaombe haki yake Bungeni ni sawa na kumwambia mpangaji akalalamike kwa baraza la wenye nyumba.

Ndipo Mtikila akaenda Arusha. Chama cha Wanasheria Tanganyika pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nao walifungua shauri kama hilo, na mashauri hayo mawili yakaunganishwa. Serikali ilitetea zuio hilo kwa hoja za mahitaji ya jamii, historia ya nchi na muundo wa Muungano.

Juni 14, 2013, Mahakama ya Afrika iliamua kwamba Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, hususan haki ya kujiunga kwa hiari na haki ya kushiriki katika serikali ya nchi yako. Iliiagiza Serikali ichukue hatua za kikatiba na za kisheria katika muda unaofaa kuondoa kasoro hiyo. Ilikuwa miongoni mwa hukumu za mwanzo kabisa za mahakama hiyo kuamua kiini cha malalamiko ya raia wa Afrika dhidi ya nchi yake, na nchi hiyo ilikuwa mwenyeji wake.

Zaidi ya miaka 12 imepita tangu hapo. Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya mwaka 2024 iliandikwa upya, lakini sharti la chama limebaki. Kabla ya hapo, Novemba 2019, Serikali ilikuwa imeondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi za kiraia kwenda moja kwa moja katika mahakama hiyo. Mlango alioutumia Mtikila mwaka 2011 umefungwa kwa mwananchi mwingine yeyote.

Katiba mpya iliyokwama

Kuna wakati ilionekana kwamba jawabu litapatikana kwa njia nyingine. Tume ya Mabadiliko ya Katiba, chini ya Jaji Joseph Warioba, ilizunguka nchi ikikusanya maoni, na rasimu zake za mwaka 2013 ziliruhusu mgombea huru. Makamu mwenyekiti wa Tume hiyo alikuwa Jaji Ramadhani, yule yule aliyesoma hukumu ya mwaka 2010 iliyolirudisha suala hili katika uwanja wa siasa. Hakuna mgongano hapo. Akiwa jaji alisema kazi hiyo si ya mahakama. Akiwa mjumbe wa Tume alikuwa mahali hasa ilipotakiwa kufanyika.

Hata Katiba Inayopendekezwa ya Oktoba 2014, iliyopitishwa na Bunge Maalumu baada ya wajumbe wengi wa upinzani kutoka nje, haikumfukuza mgombea huru, ingawa ilikuwa imeng'oa mengi ya Tume ya Warioba, ukiwamo muundo wa serikali tatu. Hilo ni jambo la kutafakari. Linaonyesha kwamba katika suala hili pande zote zilikwisha kukubaliana. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 iliahirishwa na haijafanyika.

Mtikila hakuishi kuyaona mabadiliko aliyoyapigania. Alifariki dunia kwa ajali ya gari Oktoba 4, 2015, katika eneo la Msolwa, Chalinze mkoani Pwani, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu. Alikuwa mwanasiasa wa maneno makali, na yako mengi aliyoyasema majukwaani ambayo mtu makini asingeyaunga mkono. Lakini haki haipimwi kwa upole wa anayeidai.

Gharama ya kumnyima raia nafasi hiyo

Wapo wanaosema kwamba huu ni mjadala wa wanasheria, kwamba mwananchi wa kawaida wa Mbagala au Kirumba anahangaika na bei ya unga na nauli ya daladala, si na ibara za Katiba. Mwenendo wa siasa zetu tangu mwaka 1995 unaonyesha vinginevyo. Sharti la chama limeathiri kila kona ya uwakilishi wa huyo mwananchi.

Kwanza, limegeuza vyama kuwa magari ya kukodi. Augustine Mrema alipotoka CCM mwaka 1995 hakuwa na njia ya kugombea urais akiwa yeye mwenyewe. Alihitaji chama, akaingia NCCR-Mageuzi na kukibeba. Miaka 20 baadaye Edward Lowassa, jina lake lilipokatwa CCM Julai 2015, alihamia Chadema na kupata zaidi ya kura milioni sita kupitia chama ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kikimtuhumu kwa ufisadi. Mwaka 2019 alirudi CCM. Mpiga kura aliyemfuata Lowassa na aliyeifuata Chadema walichanganywa katika karatasi moja, na hakuna aliyeweza kujua nani alimchagua nani.

Pili, limemfanya mbunge awe mtumishi wa chama kabla hajawa mtumishi wa jimbo. Ibara ya 71 inasema mbunge akipoteza uanachama wa chama kilichompeleka Bungeni, kiti kinakwenda. Hivyo kikao cha watu wachache, kikikaa ukumbini kwa siku moja, kinaweza kutengua uamuzi wa maelfu ya wapiga kura. David Kafulila wa Kigoma Kusini, aliyefukuzwa na NCCR-Mageuzi Desemba 2011, na Hamad Rashid Mohamed wa Wawi, aliyefukuzwa na CUF Januari 2012, walinusurika kwa kukimbilia mahakamani. Wabunge wanane wa viti maalumu wa CUF hawakunusurika mwaka 2017, walipovuliwa uanachama katika mgogoro wa chama hicho.

Ikaja kesi ya wanawake 19 wa viti maalumu ambao Chadema ilitangaza kuwafukuza Novemba 2020. Hao walibaki Bungeni wakiendelea na mashauri yao hadi Bunge la 12 lilipofikia ukomo mwaka 2025. Kanuni ile ile, matokeo tofauti. Raia anayetazama kwa mbali ana haki ya kuuliza kama sheria hii inalinda nidhamu ya vyama au inatumika pale tu inapowafaa wenye nguvu.

Tatu, sharti hilo lina gharama ya fedha. Desemba 2017 Maulid Mtulia wa CUF alijiuzulu ubunge wa Kinondoni na Dk. Godwin Mollel wa Chadema akaachia Siha, wote wakihamia CCM. Februari 2018 ukafanyika uchaguzi mdogo, na wote wawili wakarudi Bungeni kwa majimbo yale yale, tofauti ikiwa rangi ya shati. Septemba mwaka huo ikawa zamu ya Julius Kalanga wa Monduli na Mwita Waitara wa Ukonga. Vituo vikafunguliwa, karatasi zikachapishwa na askari wakasambazwa ili wananchi wapewe mbunge waliyekuwa naye. Fedha hizo zilikuwa za walipakodi.

Funzo la mwaka 2025

Kama kuna uchaguzi ulioonyesha wazi udhaifu wa mfumo huu, ni ule wa Oktoba 29, 2025. Aprili mwaka huo Chadema, ikiwa na msimamo wa kutoshiriki bila mabadiliko ya mfumo wa uchaguzi, haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ikatangaza kwamba chama hicho hakitashiriki.

Mtu anaweza kuulaumu uamuzi wa Tume, na mwingine akaulaumu msimamo wa chama. Lakini fikiria mwanachama wa kawaida wa Chadema aliyekuwa akijiandaa kugombea udiwani katika kata yake, pengine mwalimu mstaafu aliyekuwa amechangisha majirani wakachimba kisima. Uamuzi wa kusaini au kutosaini haukuwa wake. Mlango ulipofungwa kwa chama, ulifungwa na kwake. Katika nchi inayomruhusu mgombea binafsi, angeweza kuachana na chama akasimama mwenyewe. Hapa kwetu alibakiwa na mambo mawili: kukaa nyumbani au kutafuta kadi nyingine.

Wapo waliotafuta kadi nyingine. Mei 2025 kundi la waliokuwa viongozi na makada wa Chadema lilihamia Chaumma, na mmoja wao, Salum Mwalimu, akawa mgombea urais wa chama hicho. Luhaga Mpina naye, baada ya jina lake kukatwa CCM katika Jimbo la Kisesa, alihamia ACT-Wazalendo na kupendekezwa kugombea urais. Uteuzi wake ukapingwa na Msajili wa Vyama vya Siasa kwa madai ya kukiukwa kwa taratibu za ndani ya chama. Tume ikamwengua, Mahakama Kuu ikamrejesha Septemba 2025, na siku chache baadaye Tume ikamwengua tena.

Jambo la msingi katika sakata la Mpina ni kwamba hoja iliyomwengua mwanzoni haikuhusu sifa zake mbele ya mpiga kura. Ilihusu tarehe na vikao vya chama alichojiunga nacho. Anayelazimishwa kusafiri ndani ya gari la mtu mwingine hulipa pia makosa ya dereva.

Uchaguzi huo uligubikwa na maandamano, vurugu na vifo, na Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Haitakuwa sahihi kudai kwamba mgombea binafsi peke yake angeyazuia yaliyotokea. Malalamiko yalikuwa mengi na mapana zaidi. Lakini ni vigumu kukana kwamba watu wanaokosa jina la kuchagua katika karatasi huanza kutafuta njia nyingine ya kusema walilonalo, na njia hizo si zote ni salama.

Hofu na majirani zetu

Hoja za wanaopinga zisipuuzwe, kwa kuwa baadhi zina uzito. Ya kwanza ni kwamba mgombea binafsi ataleta ukabila na udini, kwa sababu hana chama cha kitaifa cha kumdhibiti. Ya pili ni kwamba matajiri watanunua majimbo. Ya tatu ni kwamba mbunge asiye na chama hana nguvu Bungeni. Ya nne inahusu Muungano: rais anatakiwa awe na mgombea mwenza kutoka upande wa pili, jambo ambalo chama hulipanga kwa urahisi.

Majirani zetu wanatusaidia kuzipima. Kenya, kupitia Katiba ya 2010, inaruhusu mgombea huru mradi asiwe mwanachama wa chama kwa muda wa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Anayetaka ubunge lazima aungwe mkono na angalau wapiga kura 1,000 waliojiandikisha katika eneo lake. Anayetaka urais anatakiwa awe na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila moja ya kaunti zilizo nyingi kuliko nusu ya kaunti zote. Sharti hilo la mwisho linajibu hofu ya ukabila: hupati saini za nchi nzima kwa kutegemea ukoo mmoja.

Mwaka 2022 Kenya ilipata magavana wawili wa kujitegemea, Kawira Mwangaza wa Meru na Andrew Mwadime wa Taita Taveta. Yaliyompata Mwangaza yanathibitisha hoja ya udhaifu. Bunge la kaunti lilijaribu mara kwa mara kumng'oa, na Agosti 2024 Seneti ikaafiki aondolewe. Kiongozi asiye na chama kweli anakosa ngao. Hata hivyo, wananchi wa Meru walipewa nafasi ya kumpima na kumchagua, nafasi ambayo Mtanzania hana.

Malawi ilichagua wabunge 52 wa kujitegemea mwaka 2014, katika Bunge la viti 193, wengi kuliko wa chama chochote kimoja. Uganda ilikuwa na zaidi ya 70 baada ya uchaguzi wa 2021. Huko nako kuna kasoro: wengi wa wabunge hao wa Uganda ni watu walioshindwa katika kura za maoni za chama tawala, na baada ya kushinda walirudi kushirikiana nacho. Mgombea binafsi, kwa hiyo, si malaika. Ni mwanasiasa kama wengine, isipokuwa anayemwajibisha ni mpiga kura peke yake.

Kuhusu fedha, nani asiyejua yanayotokea katika kura za maoni ndani ya vyama vyetu? Rushwa ya wajumbe mia chache ni rahisi zaidi kuliko rushwa ya jimbo zima. Na kuhusu Muungano, hakuna kinachomzuia mgombea huru wa urais kutakiwa kisheria awe na mwenza kutoka upande wa pili, na kukusanya saini pande zote mbili.

Zaidi ya hayo, jambo hili si geni kwetu. Katika uchaguzi wa mwaka 1960, kabla ya Uhuru, TANU ilitwaa viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichobaki, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama kama mgombea binafsi dhidi ya aliyepitishwa na chama. Wananchi wa Mbulu waliambiwa huyu ndiye, wakasema hapana, tunamtaka yule. Tanganyika haikuvunjika kwa sababu hiyo. Ilipata Uhuru wake mwaka uliofuata kwa amani.

Nani wa kufungua kufuli?

Njia ziko wazi. Bunge linaweza kurekebisha ibara za 21, 39, 47 na 67 kwa utaratibu ule ule uliotumika mwaka 1994. Kama lilikuwa na uwezo wa kuweka kufuli ndani ya wiki chache, lina uwezo wa kulifungua. Baada ya hapo sheria ya uchaguzi iseme ni saini ngapi zinahitajika, fedha za kampeni zitahesabiwaje, na muda gani upite tangu mtu aache chama chake. Njia nyingine ni kuhuisha mchakato wa Katiba mpya, ambako suala hili lilikwisha kukubaliwa.

Kinachokosekana si maarifa. Vyama vyote, kikiwamo tawala na vya upinzani, vinafaidika na mfumo unaomlazimisha kila mwenye kipaji cha uongozi apige hodi ofisini kwao. Ndiyo maana wapinzani wanaolalamikia tume ya uchaguzi kila siku ni nadra kusikika wakimdai mgombea binafsi kwa nguvu ile ile. Naye angewapunguzia viti, na angeipunguzia kamati kuu yao uwezo wa kukata majina.

Mtikila alifungua kesi yake ya kwanza mwaka 1993. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa ana miaka zaidi ya 30, amepiga kura pengine mara tatu, na anatimiza umri wa kugombea ubunge kwa muda mrefu. Katiba inamwambia kwamba halazimishwi kuingia katika chama chochote. Siku atakapokwenda kuchukua fomu ataulizwa kadi yake iko wapi.

Majaji wa Arusha walikwisha kumjibu mwaka 2013. Jibu linalosubiriwa ni la Dodoma.